Gemu la mikia: namna ya kuwapanga vijana 30 hadi 40 uwanjani wakakimbizana bila ugomvi (mwongozo kamili)

Mara ya kwanza kuandaa huu mchezo nilikuwa na watoto 43, bendera mbili, filimbi moja na imani kubwa kuliko akili. Sheria ilikuwa ukiguswa kwenye eneo la wapinzani umekamatwa, basi. Dakika ya 10 hivi uwanja mzima umesimama watu wanabishana, "nimekugusa", "hujanigusa umeshika hewa", "nimekushika shati kabisa", na kweli alikuwa ameshika shati maana kesho yake asubuhi mama mmoja alinifuata na hilo shati mkononi limechanika toka kwapani mpaka chini. Hakufoka wala nini. Alilikunjua tu mbele yangu akaniuliza, "Mwalimu, jana mlikuwa mnacheza nini?" Sikuwa na jibu. Nikalibeba nikalipeleka kwa fundi kwa hela yangu, na pale kwa fundi ndo nikaona furushi la mabaki ya vitambaa chini ya cherehani, vipande virefu vyembamba vya kila rangi vinasubiri kutupwa. Hapo ndo akili ikanijia.

Toka siku hiyo sijawahi kuandaa mchezo wa kukimbizana wa timu bila mikia. Mtoto anachomeka kipande cha kitambaa kiunoni nyuma, mpinzani akikichomoa umekamatwa, hamna cha nimekugusa hujanigusa, kitambaa kiko mkononi mwa mtu au hakipo. Watoto wenyewe walishaacha kuuita kunyakua bendera, wanauita "mikia" tu.

Hapa chini nimeandika kila kitu ninachofanya, toka wiki moja kabla mpaka kuhesabu vitambaa mwishoni. Kinafaa kwa vijana wa kanisani, madrasa, skauti, klabu ya shule, kambi ya likizo, popote ulipo na vijana wa miaka 10 mpaka 17 na uwanja wa kukimbia.

Mchezo wenyewe ukoje

Kama umekulia uswahilini kombolela unaijua. Mmoja anatafuta, wengine wamejificha, waliokamatwa wanasimama pale kwenye kopo, halafu anatokea mmoja huko alikojificha anakuja mbio analipiga kopo teke anapiga kelele "kombolelaaa" na wote wako huru. Kule Kenya wana brikicho ya kujificha na tapo ya kukimbizana, wazo haliko mbali sana. Sasa chukua ile raha ya kukomboa, weka timu mbili, weka bendera kila upande, weka mikia. Ndo gemu lenyewe hilo.

Uwanja unagawanywa katikati kwa mstari. Kila timu ina nusu yake, bendera yake huko nyuma, na gereza lake la kuwekea mateka. Ukiwa kwenye nusu yenu uko salama, ukivuka mstari mkia wako ni halali ya mtu yeyote wa upande ule. Lengo ni kuvuka, kubeba bendera yao, na kurudi nayo upande wenu mkia ukiwa bado uko kiunoni. Ukifika ni pointi 1, bendera inarudishwa kwao, mnaanza tena.

Nimeona watu wanaweka sheria kwamba ukikamatwa unatoka nje unakaa. Mi hiyo siipendi kabisa, na kama kuna kitu kimoja utachukua hapa chukua hiki: usitoe mtu nje. Wanaotolewa mapema ni walewale, wenye mbio ndogo, wanene, wageni, wale wanaoona aibu, yaani hao hao uliowaita waje wachangamke ndo wanakaa chini ya mwembe kuangalia wenye mbio wanacheza. Kombolela ililijua hili kabla yetu sote, ukikamatwa bado una matumaini, bado unapiga kelele "njooni mtukomboe".

Wiki moja kabla

Kibali kwanza. Kama ni uwanja wa shule ongea na mkuu wa shule, kama ni wa mtaa pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na usisahau kuuliza nani huwa anautumia siku hiyo maana kila uwanja wa wazi una timu yake ya mpira inayofanya mazoezi saa 10, na hao jamaa hata uje na barua yenye mihuri mitatu hawatoki. Mi huwa naongea na kapteni wao moja kwa moja. Mara mbili tumekubaliana wachukue upande mmoja sisi mwingine, mara moja wameishia kucheza na sisi.

Halafu nenda ukautembee uwanja mwenyewe kwa miguu. Usiuangalie toka barabarani. Tembea kama unafagia, kwenda na kurudi, ukiwa na mfuko. Utaokota chupa zilizovunjika, misumari, waya, visoda vilivyokaa makali juu, na utaona mashimo. Mashimo ndo mabaya zaidi. Tuliwahi kucheza mahali ambapo mtu alichimba shimo la nguzo akaliacha, nyasi zimelifunika vizuri kabisa, kijana wangu mmoja akaingia mguu mpaka goti. Bahati ilikuwa kuteguka tu. Shimo usiloweza kulifukia liweke nje ya mipaka, usiseme "tutawaambia wawe makini", mtu anayekimbizwa haangalii chini. Angalia na magoli, yale ya chuma ya kuhamisha kama hayajafungwa chini yatoe nje ya eneo la mchezo, maana mtoto akiyaning'inia yanaweza kumwangukia.

Wazazi wape taarifa mapema, kwa maandishi au kwa ujumbe wa kikundi, na uliza swali moja tu la maana: mtoto ana tatizo lolote la kiafya tunalopaswa kujua? Pumu, kifafa, moyo, selimundu. Hii ya selimundu naisisitiza kwa sababu Tanzania ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo, kwahiyo kwenye kundi la watoto 40 usishangae ukiwa na mmoja. Kukimbia mpaka kuishiwa nguvu, kukaukiwa maji, baridi ya ghafla baada ya jasho, vyote vinaweza kumletea maumivu makali. Mtoto kama huyo usimwache nyumbani, ongea na mzazi mkubaliane, na kuna kazi nzuri za kumpa nitazitaja. Mwenye pumu pampu yake iwe kwako uwanjani, isibaki kwenye begi darasani.

Vifaa

Mikia. Kata vipande vya upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 50. Kanga moja kuukuu ya mita 1 na nusu kwa mita 1 inatoa vipande 60, hesabu ni 3 kwa urefu na 20 kwa upana, kwahiyo kanga mbili za rangi tofauti zinatosha timu zote na za akiba zinabaki. Fundi cherehani ukimwomba mabaki mara nyingi anakupa bure, ila hakikisha ni kitambaa laini. Usitumie kamba, usitumie nailoni, mtu akivuta kwa kasi inamkata vidole. Na pini hazitakiwi kabisa mahali popote.

Rangi, sasa hapa nicheke kidogo. Usiweke timu moja nyekundu na nyingine kijani na njano. Nilifanya hivyo nikidhani nina vitambaa vizuri, dakika mbili nyingi nusu ya watoto wanakataa kuvaa, "mwalimu mimi Yanga siwezi kuvaa nyekundu", na mwingine ameketi chini kabisa kwa sababu kapewa kijani na yeye Simba toka kwa babu yake. Chukua bluu na chungwa, ukitaka amani.

Mipaka. Chupa za plastiki za maji, jaza mchanga robo ili upepo usizipeperushe, panga moja kila mita 5. Kwa uwanja wa mita 80 kwa 40 utahitaji 48 kuzunguka na kama 7 za mstari wa katikati, jumla 55. Waambie watoto wiki nzima kila mmoja aje na mbili, zinajaa zenyewe. Chokaa siipendi kwa mchezo ambao watu wanaanguka anguka, ikiingia machoni ni balaa. Ukitaka mstari unaoonekana tumia majivu yaliyopoa kabisa. Kamba iliyolazwa chini usiweke, inakwaza.

Bendera mbili. Kitambaa chochote kikubwa kama taulo ndogo, kilazwe juu ya ndoo iliyopinduliwa. Usichomeke kwenye mti au fimbo, mtu akianguka juu yake hutapenda kuona. Bendera ya taifa usiitumie, ile si ya kuburuzwa vumbini.

Vingine ni filimbi mbili (moja lazima ipotee), saa, madumu ya maji na vikombe, na sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji za kuvuta, pamba, dawa ya kusafishia vidonda, plasta na glavu. Maji piga hesabu ya nusu lita mpaka lita 1 kwa kila mtoto kwa jioni nzima, kwahiyo watoto 36 ni dumu mbili za lita 20 kwa kukadiria. Kama kuna barafu mahali karibu nunua, inafanya kazi mbili.

Kuchora uwanja

Kwa timu za watu 18 kwa 18 mi naweka mita 80 kwa 40. Kwa watu 10 kwa 10 punguza iwe 50 kwa 30, uwanja mkubwa sana kwa watu wachache wanakuwa wanatembea tu. Pima kwa hatua zako, hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama mita 1, inatosha.

Bendera ikae mita 8 kutoka mstari wa nyuma, katikati. Izungushie mviringo wa mita 4 kila upande. Ndani ya ule mviringo mlinzi haruhusiwi kuingia mpaka mshambuliaji aingie kwanza. Bila hii sheria utapata ninachokiita kupaki basi, watu sita wamesimama wamezunguka ndoo kama wanaota moto na mchezo umekufa.

Gereza ni boksi la mita 4 kwa 4, liwe pembeni huko nyuma kona moja, mbali na bendera. Ukiliweka karibu na bendera mlinzi mmoja analinda vyote viwili na hakuna atakayekombolewa.

Sheria, na namna ya kuzisema

Usisome karatasi. Watoto 36 waliosimama juani hawasikilizi zaidi ya dakika 5. Wakalishe, wewe usimame wewe ndo unaangalia jua, waliokaa walipe mgongo, na uwaonyeshe kwa vitendo kwa kutumia vijana wawili.

Mkia unachomekwa nyuma katikati ya kiuno, sentimita 15 ndani na 35 zinaning'inia. Haufungwi. Nje ya nguo, sio chini ya shati. Mwenye gauni au baibui avae mkanda wa kitambaa juu yake auchomeke hapo. Hii nayo ni faida ya mikia, wasichana na wavulana wanacheza pamoja na hakuna anayeshikana na mtu mwili, wazazi waliokuwa na wasiwasi walikuja wakaangalia wakatulia.

Kuuzuia mkia kwa mkono ni faulo, unahesabika umekamatwa. Kusukuma, kukumbatia, kuvuta nguo, kupiga mtama ni faulo, aliyefanya anaenda gerezani hata kama alikuwa upande wake.

Ukichomolewa mkia unanyoosha mkono juu unaenda gerezani mwenyewe bila kusindikizwa. Aliyekuchomoa anaupeleka mkia kwa refa wa gereza. Ukiwa umebeba bendera ukachomolewa, unaiweka chini pale pale na mlinzi anairudisha kwenye ndoo. Bendera hairushwi wala kupasiwa.

Ndani ya gereza mateka wanashikana mikono mnyororo, wa mwisho mguu mmoja lazima ubaki ndani ya boksi, wengine wananyooka kuelekea kwao. Mwenzao akifika na mkia wake akamgusa wa mbele mkono na kupiga kelele "kombolela", mnyororo wote umekombolewa. Wanachukua mikia kwa refa, wanaweka mikono kichwani, wanarudi kwao kwa kutembea wakipitia pembeni, na wakiwa hivyo hawakamatwi na hawakamati. Mkombozi yeye hana kinga, arudi kwa mbio zake. Mnyororo ukiwa na watu 7 unafika karibu mita 10 nje ya boksi, yaani kadri timu inavyokamatwa ndo kukombolewa kunavyokuwa rahisi, mchezo unajisawazisha wenyewe. Nikiwa nimekaa pembeni hiki ndo kitu napenda kukiangalia kuliko hata bendera, unaona mtoto mdogo kabisa wa timu ambaye hakuna mlinzi aliyemhesabu anapita pembezoni kimyakimya, wote wanawaangalia wale wakubwa, halafu ghafla "kombolelaaa" na watu nane wako huru.

Na kila dakika 5 napiga filimbi ndefu natangaza msamaha wa Rais, magereza yote mawili yanafunguliwa. Watoto wanaijua hiyo, wanasikia Sikukuu ya Uhuru na siku ya Muungano wafungwa wanasamehewa, kwahiyo ukitamka tu uwanja mzima unashangilia. Hakuna mtu anakaa gerezani zaidi ya dakika 5, ndo maana nimeiweka.

Filimbi fupi moja ni endelea, mbili ni simama pale ulipo wote kimya, ndefu ni msamaha au mwisho. Wafanyishe zoezi la filimbi mbili mara tatu kabla ya kuanza. Siku mtu akiumia utanishukuru.

Kugawa timu

Usiweke makapteni wachague. Najua ndo tulivyofanyiwa wote, na wote tunamkumbuka yule aliyebaki wa mwisho, pengine ni wewe. Kuwapanga mstari na kuhesabu moja mbili moja mbili nako wameshaujua ujanja, marafiki wanajipanga wakiruka mtu mmoja mmoja. Mi naweka visoda kwenye mfuko, nusu nimepaka rangi, kila mtu anaingiza mkono anatoa chake. Kwanza wachote wale wakubwa wenye mbio peke yao, halafu wa kati, halafu wadogo, hapo kila timu inapata mgao wake. Ikitokea ndugu wameangukia timu tofauti waache, ndo raha yenyewe.

Wadogo wa miaka 10 na 11 wakicheza na wa miaka 16 wape mikia miwili, kulia na kushoto. Wakichomolewa mmoja wanaendelea. Hawadharauliki tena, wanakuwa silaha.

Viatu: ama wote peku ama wote na raba, usichanganye. Njumu hapana.

Siku yenyewe

Kwa joto la Pwani usianze kabla ya saa 10 jioni. Jua la Dar linazama saa 12 na robo hivi miezi kama Juni, na hata mwezi wa pili halifiki saa 1, kwahiyo una masaa mawili, na utataka watoto waliotakiwa msikitini magharibi wawe wamenawa na wameondoka kwa wakati. Ratiba yangu ni hii: saa 9 na nusu walezi tunafika kupanga chupa, saa 10 watoto wanafika na kunywa maji, saa 10 na robo kupasha misuli na kugawa timu, saa 10 na nusu sheria na zoezi la filimbi, saa 11 kasoro robo kipindi cha kwanza dakika 15, mapumziko ya maji dakika 7, wanabadilishana pande, kipindi cha pili dakika 15, na nguvu zikibaki cha tatu dakika 10. Saa 12 kamili watu wanakusanya chupa. Kubadilishana pande ni lazima, kuna upande utakuwa na jua usoni au mteremko.

Walezi unahitaji watano: mmoja katikati mwenye filimbi, wawili mistari ya pembeni, wawili kwenye magereza. Ukiwa na watatu inawezekana ila marefa wa gereza wawe vijana. Na hapa ndo wanapoingia wale ambao afya hairuhusu kukimbia: refa wa gereza ana mamlaka kamili, mikia yote iko kwake, hakuna mtu anaachiwa bila yeye kusema. Nilimpa kazi hiyo binti mmoja ambaye alikuwa haji kabisa siku za michezo, nikashangaa namna alivyokuwa mkali, wakubwa wote wanamwita "bosi". Mtoto wa kiti cha magurudumu kama uwanja ni mgumu na tambarare anacheza, mkia unachomekwa nyuma ya kiti, ila uwe umeutembea ule uwanja kweli.

Kabla ya filimbi ya kwanza wape kila timu dakika 3 wakae duara wapange. Usiwapangie. Kipindi cha kwanza watakosea, kila mtu anataka bendera hakuna anayebaki nyuma, watafungwa pointi 3 haraka haraka. Mapumziko utawasikia wenyewe wanaanza, "wewe na wewe mlinde, sisi tunaenda kushoto kelele nyingi, nyie wawili piteni kulia". Ukikaa kimya wakati huo unafanya kazi kubwa kuliko ukiongea.

Gemu likikwama, yaani dakika 6 hakuna anayevuka, usiwalaumu. Ondoa bendera weka chupa 5 kila upande, kila anayevuka abebe moja, anayemaliza na nyingi nyumbani kwake kashinda. Sasa kuna pointi nyingi ndogo na hata asiye na mbio anaweza kuiba chupa moja wakati wengine wanakimbizana. Siku hizi kwa watoto chini ya miaka 12 naanza na chupa moja kwa moja.

Ubishi hautaisha kabisa, nisikudanganye. Sheria yangu ni kwamba refa akiona ameamua, refa asipoona wabishani wawili wanacheza jiwe karatasi mkasi mara moja, aliyeshindwa anaenda gerezani, sekunde tano yameisha.

Wakiumia

Kifundo kikiteguka apumzike, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hivi, bandeji isiyobana sana, mguu juu ya begi. Akishindwa kabisa kukanyaga au mfupa umekaa vibaya usijaribu kuunyoosha, mpeleke kituo cha afya. Puani damu ikitoka mtoto ainame mbele kidogo, asiangalie juu kama bibi zetu walivyotufundisha, abane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia achia. Vichwa vikigongana mtoto hachezi tena siku hiyo hata akisema yuko freshi, na akitapika, akisinzia ovyo au akichanganyikiwa ni hospitali sasa hivi.

Joto ndo adui wa kimyakimya. Mtoto anayetetemeka, analalamika kichwa, kizunguzungu, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji shingoni na kwapani, anywe kidogo kidogo. Kama hamna zile pakiti za dukani za kurudisha maji mwilini (ORS), changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa visiwe vya kilima. Akianza kuongea vitu havieleweki au kuzimia, hapo siyo swala la kivuli tena, endelea kumpoza kwa maji huku gari linatafutwa.

Radi ikisikika tu mchezo umeisha, watu waingie ndani ya jengo, sio chini ya mti, na msirudi mpaka dakika 30 zipite toka ngurumo ya mwisho. Masika mi sipangi kabisa kwenye udongo wa mfinyanzi, ni kuteleza tu.

Ukiwa huna uwanja mkubwa

Kuna watu wana kiwanja cha nyuma ya kanisa tu. Hapo jaribu kabadi, ule mchezo wa India. Uwanja wa wanaume ni mita 13 kwa 10 tu, watu 7 kila upande, mmoja anavuka anasema "kabadi kabadi kabadi" bila kuvuta pumzi nyingine, ana sekunde 30 za kugusa watu na kurudi kwao kabla hawajamkamata. Na anayetoka anarudishwa uwanjani wenzake wakitoa mpinzani, kwahiyo ukombozi upo humo pia. Sio wa kigeni hivyo, Kenya walipeleka timu kwenye Kombe la Dunia la kabadi kule Ahmedabad mwaka 2016. Kwa vijana ondoa ile kukamatana na kuangushana, weka mikia yako ile ile, na anayevuka akichomolewa ametoka.

Mwisho wa jioni

Mikia inahesabiwa kwa timu, kila mtu anakuja kuutia kwenye mfuko mkononi mwako mwenyewe, sio "wekeni pale". Chupa zinakusanywa na timu iliyoshinda, nimegeuza makusudi, walioshindwa wanakunywa maji kwanza. Angalia magoti na nyayo za waliocheza peku, kidonda kidogo cha saa 12 jioni ndo usaha wa Jumatano. Mikia ifue siku hiyo hiyo, ikilala na jasho kwenye mfuko wiki nzima wiki ijayo hakuna atakayeichomeka.

Itapungua miwili mitatu, kila mara. Mi nikianza na 40 narudi na 37, halafu Jumatatu nakutana na mtoto barabarani anaenda shule na kitambaa cha chungwa kimefungwa begani kwenye begi. Simwambii kitu. Napita kwa fundi.